Hakuna Kifungu cha Refa

Gitothua, Ruiru
10 Machi 2025

Mwaitu wangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mguu wangu wa kushoto ambao umeanza tena kufura jioni, na kuku wangu wawili wamekufa kwa ule ugonjwa wa kupinda shingo. Kanisani tumepata paa jipya upande wa akina mama. Najua umecheka ulipoona nimekuita Mwaitu, mtu mzima kama wewe kuitwa mama na anti yake, lakini ulipozaliwa ulipewa jina la mama yangu mzazi, na kwetu Wakamba hilo halina mjadala. Wewe ni mama yangu. Hata nilipokuwa nikikuchapa ukiwa mdogo nilikuwa nikisema, "Mwaitu, nisamehe," halafu nachapa.

Simu yako haiingii tangu jana. Barua hii nimempa Wilkister kwa sababu anakuja Thika kuuza nguo zake na mlango wako anaujua.

Nimesikia kwa watu yaliyotokea jana huko uwanja wa Kiganjo. Wanasema mlizozana wewe na ndugu yako, mwanangu Maluki, baada ya mechi, ukaanguka, ukaumia karibu na jicho. Pole sana. Weka maji baridi. Uvimbe wa uso hutisha kuliko ulivyo, na wewe tangu utotoni ulikuwa mtu wa kuvimba haraka.

Sasa nisikilize, Mwaitu. Najua refa huandika ripoti baada ya mechi, na Maluki amesema yako inatakiwa kwa chama cha mpira kesho jioni. Usiandike jina lake. Unajua kuna shule imemwahidi kazi ya kufundisha michezo muhula ujao. Chama kikimfungia, kazi hiyo imeenda, na mke wake ana mimba. Andika ni shabiki. Uwanja ulikuwa umejaa mashabiki, mmoja zaidi hatamuumiza mtu.

Na kusema kweli, ni nini kilikufanya umpulizie ndugu yako penalti dakika za mwisho? Timu yake ilihitaji sare tu ipande daraja. Kila mtu anasema mpira uligonga bega.

Mama yako alipofariki ni mimi niliyekulea, na sijawahi kukuomba kitu. Hiki ndicho cha kwanza.

Anti yako,
Rachael


Kiganjo, Thika
13 Machi 2025

Anti mpendwa,

Habari za huko? Natumaini mguu umepungua, na kwamba wale kuku waliobaki umewatenga. Huku maji yamekatika wiki nzima. Kiama mwenye nyumba ameweka geti jipya ambalo halifunguki vizuri, kwa hiyo wapangaji wote tunapita upande upande kama kaa. Utanisamehe mwandiko. Jicho la kulia limefungwa bandeji na mistari inapanda yenyewe.

Hatukuzozana. Nilipuliza filimbi ya mwisho, nikainama kuchukua mpira. Maluki alitoka kwenye benchi, kocha mzima na koti lake la mvua, akanipiga ngumi ya shingo. Nilipoanguka akaanza mateke. Alikuwa amevaa njumu. Yalikuwa mangapi sijui, maana niliacha kuona baada ya la pili.

Mpira uligonga mkono. Nilikuwa karibu, niliuona ukigonga kiganja, na niliomba moyoni uwe umegonga kitu kingine. Ujue pia kwamba nilimwambia Chege, mwenyekiti wa chama, mapema kabisa, kwamba kocha wa timu ile ni ndugu yangu, anitoe. Akasema marefa wengine wamekataa kwenda kwa kuogopa mashabiki wa Gitothua, na kwamba mimi undugu utanilinda.

Ripoti nimeandika. Nimesema, "Mtazamaji asiyejulikana alimshambulia mwamuzi." Mtu niliyelala naye kitanda kimoja tukiwa watoto, ambaye ninajua anaogopa vyura, nimemwita asiyejulikana. Unajua ripoti ya refa ni nini, Anti? Kwa chama, lililoandikwa ndilo lililotokea. Refa akishaandika, hata malaika akishuka kutoa ushahidi hasikilizwi. Nimefanya hivyo kwa ajili yako, si yake.

Naomba mambo mawili tu. Maluki aje hapa aniambie pole kwa mdomo wake. Na wewe uniambie siku ile ulikuwa wapi.

Simu yangu ilikanyagwa uwanjani. Nikipata nyingine nitakujulisha.

Wako,
Mbinya


Gitothua, Ruiru
29 Aprili 2025

Mwaitu wangu,

Nilitaka kukuuliza umenyamaza kwa nini, halafu nikakumbuka ni mimi niliyenyamaza. Pasaka ilikuwa na kazi nyingi. Tulipika kwa ajili ya wageni kutoka Kahawa Sukari, watu wa kula kidogo na kusifu sana, nikabaki na sufuria mbili za pilau. Mguu uko vilevile. Mke wa Maluki anatapika hata maji.

Maluki amepata ile kazi ya shule. Nilijua utafurahi. Angekuja kukuona, lakini siku za wiki yuko na wanafunzi na Jumapili ana mechi. Amesema nikwambie hana kinyongo na wewe.

Wilkister ananiambia bado unatembea na miwani nyeusi na hutaki kuongea na watu. Hiyo si tabia nzuri. Ukijificha watu ndio watauliza. Na sasa naomba nikwambie jambo ambalo mama yako angekwambia kama angekuwa hai: hiyo kazi ya filimbi iache. Mwanamke wa umri wako anatakiwa awe na mume mmoja wa kumfokea, si uwanja mzima. Walikuwa wakikuimbia "refa kipofu, refa kipofu," na wewe unakimbia tu na kaptura kama husikii. Mimi ningekufa kwa aibu.

Kuhusu swali lako, Jumapili mimi huwa wapi? Wewe unajua.

Nimempa Wilkister parachichi za nyuma ya nyumba akuletee.

Anti yako,
Rachael


Kiganjo, Thika
12 Mei 2025

Anti,

Salamu nyingi, na pole kwa mke wa Maluki. Parachichi zilifika zimeiva kupita kiasi, nikawapa majirani.

Jicho limetolewa. Daktari alisema limepasuka kwa ndani, halishoneki, na likiachwa litaliharibu hili lingine. Nilitia sahihi mwenyewe. Mahali pa kuandika ndugu wa karibu niliandika Wilkister, maana ndiye aliyefunga kibanda chake siku nzima akaja kukaa nami. Sikumwambia akuletee habari, nilitaka uisome kwa mwandiko wangu. Wale waliokuwa wakiimba refa kipofu sasa wamepata nusu ya walichokitaka.

Nilikwenda polisi. Askari wa dawati alinisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye neno refa, akatabasamu. "Madam, si mko na chama? Hizi vitu za ball mmalizane huko." Nikaenda kwa chama. Chege akafungua faili akanisomea ripoti yangu mwenyewe, mtazamaji asiyejulikana. "Sasa Mbinya, tufungie nani?" Nikamwambia nilidanganya. Akasema ripoti ikishapokelewa haibadilishwi, na kwamba kanuni hiyo niliwafundisha mimi mwenyewe kwenye semina ya marefa wapya. Ni kweli niliwafundisha.

Nilirudi polisi na fomu ya P3, ile ya kuthibitisha majeraha, ikiwa imejazwa na daktari. Safari hii askari hakutabasamu. Sasa faili liko kwa kiongozi wa mashtaka, mwanamke mmoja anaitwa Wanja, anayezungumza haraka na hapendi kurudia. Nilimuuliza sheria inasema nini juu ya refa. Alisema mtu akimpiga polisi aliye kazini kuna kifungu chake, ila akimpiga refa aliye kazini hakuna kifungu. Kwa sheria mimi ni mtu tu aliyekuwa amevaa nguo nyeusi. Kwa hiyo Maluki atashtakiwa kwa lile kosa la watu wote, kusababisha madhara makubwa. Na mtu wa kawaida anahitaji shahidi.

Ndipo penye taabu. Bedan, msaidizi wangu wa pembeni, anasema wakati huo alikuwa anakunja vibendera. Wachezaji wa timu zote mbili hawakuona. Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda ukuta kuona penalti, na baada ya penalti hakuna hata mmoja aliyeona kitu.

Nakuuliza tena, Anti. Ulikuwepo? Kama ulikuwepo, njoo useme. Sikuombi uongeze hata neno.

Nimepata simu na laini mpya. Namba sikupi kwa sasa, andika tu.

Mbinya


Gitothua, Ruiru
3 Juni 2025

Mbinya,

Huku tuko, kwa neema. Habari za mguu hutauliza kwa hiyo sitakwambia.

Wamemchukua Maluki shuleni. Wamemtoa mbele ya watoto wa darasa la sita, na mpira kwapani, wakamwingiza kwenye gari wakati watoto wanamwita "Kocha, kocha, unaenda wapi?" Amelala ndani siku mbili kabla ya kupewa dhamana. Shule imemwambia apumzike nyumbani mpaka ijulikane. Mke wake alianguka jikoni kwa mshtuko. Mimba ikitoka utaandika pia ripoti?

Kwa nini hukuja kwangu kwanza? Jambo kama hili humalizwa nyumbani. Wazee wangekaa, Maluki angeleta mbuzi, ungesema lililo moyoni, tungekula, tungesahau. Wewe ukakimbilia serikali. Jicho lako halitarudi hata wakimfunga maisha, na macho ya Maluki yote mawili yana watu wa kulisha. Fikiria hilo ukiwa peke yako huko kwenye chumba chako.

Nimejibu swali lako mara moja, sasa najibu ya mwisho. Sikuwepo. Nilikuwa kanisani. Akina mama wote wa kanisa watakwambia.

Na usisahau kwamba kuna karatasi uliyoandika kwa mkono wako, ukatia sahihi, ukisema ni mtu usiyemjua. Wakili wa Maluki ameipata kwa chama bila shida yoyote. Anasema katika miaka yake yote hajawahi kupata mlalamishi mwenye msaada kama wewe.

Rachael


Kiganjo, Thika
16 Juni 2025

Anti,

Umeniita Mbinya. Nimeisoma mara nyingi nikidhani labda ni haraka ya kuandika. Nimefurahi kwamba mimba iko salama, Wilkister ameniambia.

Ipo video. Wewe huna simu ya kuonyesha video, ndiyo maana labda hujui, lakini tangu Aprili imezunguka Thika nzima, watu wameiwekea muziki na vicheko. Sikuwa nimeitazama. Wiki iliyopita Wanja aliniketisha ofisini kwake akaiwasha. Inaanza nikiwa chini tayari. Mwenye kupiga anaonekana mgongo tu, koti la mvua na kofia, na siku ile benchi zima lilivaa makoti ya namna ile. Ninajaribu kuamka kwa mikono. Halafu inasikika sauti ya mwanamke, karibu sana na simu inayorekodi: "Mwaitu! Mwaitu, lala chini!"

Wanja alisema, "Huyo ni mama fulani ameshtuka. Wakamba si husema hivyo, woi mwaitu?" Ndiyo, husema. Mtu akiona ajali humwita mama yake, hiyo anaijua kila mtu anayeishi na Wakamba. Lakini mtu aliyeshtuka hamwambii mama yake alale chini, Anti. Katika dunia hii kuna mtu mmoja tu ambaye akisema Mwaitu ananisemesha mimi. Nililia pale ofisini mpaka Wanja akazima simu. Sikulia kwa sababu ya mateke.

Nilikusikia hata siku ile. Nilifikiri ni mama yangu amekuja kunichukua.

Utaletewa samansi ya kukuita kortini. Wanja anasema wewe ndiye kesi yote. Video haina uso na ripoti yangu haina jina, umebaki wewe tu. Ukisema ulikuwepo na uliyemwona ni nani, itatosha. Nakuomba kama mtoto anavyoomba. Sitaki Maluki afungwe maisha. Nataka mtu mmoja aseme kwa sauti kwamba nilipigwa na nani, basi.

Mbinya


Kiganjo, Thika
24 Novemba 2025

Anti,

Hukujibu ya Juni, na Alhamisi tulionana kortini bila kusalimiana, kwa hiyo nianze na salamu. Ulipendeza na ile suti ya kijani. Niliona unachechemea ukipanda ngazi za kizimba, nikataka kuinuka nikushike mkono, Wanja akanivuta sketi.

Ulishika Biblia kwa mikono miwili. Ulisema jina lako, kanisa lako, na kwamba siku ile hukufika Kiganjo. Wanja akawasha video mbele ya hakimu. Akakuuliza Mwaitu maana yake nini. Ukasema, mama. Akakuuliza kama huwa unaniita hivyo. Ukasema ndiyo, kwa upendo, kwa sababu nilipewa jina la mama yako, na watu wote nyuma wakanung'unika kwa huruma. Akakuuliza basi sauti ile ni ya nani. Ukamtazama hakimu, si Wanja, ukasema, "Mheshimiwa, kila mwanamke wa Kikamba akiona mtu anaumia husema woi mwaitu. Huyo anaweza kuwa mama yeyote wa Thika."

Wanja akatoa barua yako ya Machi niliyompa, ile ya kuniambia nisiandike jina. Wakili wenu akaisoma kwa furaha kubwa. Hiyo barua, akasema, inasema "nimesikia kwa watu." Inasema "mlizozana, ukaanguka." Mama mlezi kumwonea huruma binti aliyemlea baada ya kusikia uvumi wa mitaani, hilo ndilo kosa? Nikafahamu pale kwamba siku ile ya kwanza, kabla damu yangu haijakauka kwenye nyasi, ulikuwa umekwisha kuchagua maneno.

Halafu zamu yangu. Wakili wenu alinipa ripoti niisome kwa sauti. Akaniuliza, "Madam refa, ulidanganya chama au unadanganya mahakama?" Nikasema nilidanganya chama. "Kwa hiyo wewe ni mtu wa kudanganya." Watu wakacheka, na karani akacheka pia akajifanya anakohoa. Ilinibidi nigeuze shingo nzima kumtafuta Maluki, maana alikuwa ameketi upande wangu usioona. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Jana nimepata barua ya chama. Kwa kukiri mahakamani kwamba niliandika ripoti ya uongo, nimefungiwa miaka miwili kuchezesha mechi yoyote. Chege ametia sahihi na kunitakia heri. Tangu Machi mpaka leo, ni mimi pekee niliyeadhibiwa kwa mambo ya siku ile.

Hukumu ni Januari. Bado unaweza kwenda kwa Wanja ukamwambia ulikosea. Mlango wake uko wazi mpaka saa kumi na moja.

Mbinya


Gitothua, Ruiru
2 Februari 2026

Mwaitu wangu,

Bwana asifiwe. Mke wa Maluki alijifungua salama tangu Oktoba, msichana mnene, anaitwa Rachael kama mimi. Mguu umepona kabisa. Nimepata dawa ya kupaka kutoka kwa mama mmoja wa Kahawa Sukari, nitakutumia ikibaki. Shule imemrudisha Maluki kazini na kumwomba radhi. Tutafanya sherehe ya shukrani nyumbani, na nataka uje.

Najua umeumia hakimu alivyomwachilia. Nimekaa na jambo hili na limenichosha, kwa hiyo leo nakwambia ukweli, kwa sababu sasa hauwezi kumdhuru mtu. Nilimuuliza wakili wa Maluki vizuri kabisa. Alisema mtu akishaachiliwa na korti kwa kosa fulani, hashtakiwi tena kwa kosa hilohilo, hata ushahidi ukishuka kutoka mbinguni. Kwa hiyo barua hii unaweza kuipeleka popote. Kesi ya mwanangu imefungwa.

Nilikuwepo. Nilitoka kanisani kabla ya sadaka ya pili, nikapanda gari, nikasimama nyuma ya goli na mwavuli wangu. Nilitaka kumwona mwanangu akipanda daraja. Nilikuona ukipuliza ile penalti, na ukaelekeza mkono kwenye goli bila hata kutetemeka, na nilikuchukia. Maluki alipokupiga teke la kwanza, Mungu anisamehe, niliona unastahili. La pili nikaanza kuogopa. Sikumshika kwa sababu hakuna mtu anayeweza kumshika Maluki akiwa vile. Ndipo nikakuita. Kila ulipojaribu kuamka alikuwa anakupiga tena, na wewe na kiburi chako unaamka tu. Ungenisikiliza mara ya kwanza ungekuwa na jicho lako leo.

Kortini ningesema ukweli ningepoteza mtoto. Kwa kunyamaza nimepoteza pia, lakini huyu niliyebaki naye nilimzaa mwenyewe. Siombi unielewe. Nakwambia ili uache kujiuliza usiku, maana Wilkister anasema hulali.

Njoo kwenye shukrani. Hutaulizwa kitu. Maluki amesema ukija atakuchinjia mbuzi.

Anti yako akupendaye,
Rachael


Kiganjo, Thika
20 Februari 2026

Anti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mtoto anaendelea kunenepa. Hongera kwa jina. Huku mvua imeanza mapema na geti la Kiama hatimaye limeng'olewa.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilikaa chini sakafuni. Nilifurahi, hilo nalisema kwanza kwa sababu ndilo lililonishangaza. Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nimeanza kuamini kwamba ile sauti niliitunga mwenyewe kwa maumivu. Nilikaa na barua siku kadhaa. Niliiweka chini ya godoro, nikaitoa, nikaenda nayo kanisani, nikarudi nayo. Nilitaka kuichoma. Ulinilisha, ulinisomesha, uliniogesha nikiwa na surua. Hayo yote niliyaweka upande mmoja, na upande mwingine nikaweka lile neno "unastahili," ambalo uliliandika kwa mwandiko mzuri kabisa, bila kufuta. Halafu nikavaa nikaenda kwa Wanja.

Wakili wa Maluki alikwambia kweli. Maluki hashtakiwi tena, na jicho langu limekwisha. Lakini yeye ni wakili wa Maluki, hakuwa wakili wako, na wewe ulimuuliza juu ya mwanao tu. Hukujiulizia. Wewe hujawahi kuachiliwa na korti yoyote, Anti, kwa sababu hujawahi kushtakiwa. Ulishika Biblia ukasema hukuwepo, na sasa umeandika na kutia sahihi kwamba ulikuwepo. Kwa refa hawakuwa na kifungu. Kwa kiapo cha uongo wanacho, Wanja alikitaja bila hata kufungua kitabu. Ni jela mpaka miaka saba. Wilkister ameandikisha taarifa kwamba barua aliipokea mkononi mwako. Kondakta wa gari ulilopanda amesema alikushusha Kiganjo, na mama mmoja wa kanisa amesema uliondoka kabla ya sadaka ya pili. Hao nao hawakuona kitu mwaka jana, lakini juu yako wameona vizuri.

Maluki alipoitwa kituoni kuulizwa, Wanja aliniambia, alisema hakukutuma useme chochote, ulijiamulia mwenyewe. Alisema hayo kabla hajamaliza kuulizwa. Nimeona nikwambie mimi, usije ukayasikia kwa watu.

Kwenye shukrani sitafika. Wewe pia nadhani hutafika, maana polisi watakuja kukuchukua Jumatano asubuhi. Vaa sweta lile zito na soksi, sakafu ya kule ni saruji na blanketi hawatoi.

Mbinya